Listi za vyuo bora na watoto wetu wa Kusini: gunia limepimwa, korosho haijakatwa

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka tu na dirisha la udahili likifunguliwa, simu za wazazi huku kwetu Mtwara zinaanza kujaa listi. Vyuo kumi bora Tanzania, vyuo mia bora Afrika, mtu kapiga skrinishoti mahali kairusha kwenye grupu la ukoo, haina tarehe, haisemi nani kapanga wala kapanga kwa kuangalia nini, ila ina namba. Na namba ina nguvu ya ajabu, mzee ambaye hajawahi kukanyaga chuo chochote ataishikilia kama hati ya shamba.

Mi ni mjomba mtu, na wanaojua mila za huku wanajua mjomba anabeba mzigo gani kwa watoto wa dada yake. Miaka kadhaa nyuma mpwa wangu alinipigia toka Newala, "Anjomba, nimechaguliwa vyuo viwili, kimoja kipo juu kwenye listi, kingine hakimo kabisa, niende wapi?" Nikamjibu palepale, nenda cha juu. Sikuuliza kozi yake ina walimu wangapi, sikuuliza darasa linachukua watu wangapi, nilikuwa na namba na namba ilinitosha. Akaenda. Mwaka wa kwanza darasa limefurika hadi wengine wanasikilizia dirishani, mhadhiri wa somo la msingi kabisa kaonekana wiki ya nane, kilichobaki ni madesa ya waliotangulia, akapata sapu tatu, yaani mitihani ya kurudia, mwaka wa pili akakeri, yaani akabeba masomo aliyofeli, akamaliza kwa kuchelewa mwaka mzima na dada yangu huku nyumbani kauza mikorosho kumi na minne kuziba pengo la ada. Chuo sikitaji na wala sisemi ni chuo kibovu, zipo kozi palepale zinazofundishwa vizuri sana. Ninachosema ni kwamba ile namba niliyoitegemea haikuwa inaongelea kozi ya mpwa wangu hata kidogo.

Tangu hapo nikaanza kufuatilia hizi listi zinapikwaje, na nilichokikuta naona kila mzazi wa Mtwara na Lindi anastahili kukijua kabla hajafungua mdomo kumshauri mtoto.

Chukua ile ya Shanghai, ndo ya kwanza kupanga vyuo vya dunia nzima, ilitoka mwaka 2003 pale chuo cha Shanghai Jiao Tong. Wachina walikuwa wanataka vyuo vyao vifike hadhi ya juu duniani, wakajiuliza tumeachwa umbali gani na Wamarekani, wakatafuta vitu vinavyohesabika, wakahesabu. Swali lao lilikuwa halali na walikuwa wanajipimia wao. Lakini tazama walichohesabu. Asilimia 30 ya alama zote inatokana na tuzo za Nobel na nishani ya Fields ya hisabati, 10 kwa waliosoma pale na 20 kwa wanaofanya kazi pale. Asilimia nyingine 20 ni makala zilizotoka kwenye majarida mawili tu, Nature na Science. Na kwenye zile 20 za wanaofanya kazi pale, Nobel zenyewe si zote, ya fasihi hawaihesabu, ya amani hawaihesabu. Kwa hiyo Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobel ya fasihi mwaka 2021 na sisi tukashangilia mpaka usiku, kwenye zile 20 haikuongeza hata nukta kwa chuo chochote duniani. Nobel ya amani ya Wangari Maathai wa Kenya, ya mwaka 2004, nayo hivyohivyo. Sasa chuo kichanga cha hapa Mtwara kinachotoa walimu na wahasibu utakitafuta wapi kwenye mizani kama hiyo?

Halafu wapo QS wa London. Kwa miaka mingi asilimia 40 ya alama zao ilikuwa ni sifa tu, yaani wanawatumia maprofesa wa nchi mbalimbali dodoso, wanawaomba wataje vyuo wanavyoviona bora, toka listi ya 2024 wakaishusha ikawa 30. Profesa wa Seoul au Toronto atataja anavyovijua, na anavyovijua ni vilevile vilivyotajwa mwaka jana, basi aliyetajwa anazidi kutajwa. Wenzao wa Times Higher Education, nao wa London, hata mlangoni hawakuruhusu kama huna makala 1,000 za utafiti ndani ya miaka 5 kwenye ile hazina kubwa ya majarida inayoitwa Scopus. Elewa maana yake hapo. Chuo ambacho hakimo kwenye listi hakijapimwa kikaanguka, hakijapimwa kabisa. Mpwa wangu aliponiambia kile kingine hakimo, mi kichwani nikasikia "kibaya", na najua wazazi wengi wanasikia hivyohivyo.

Na ile inayorushwa sana huku Bongo, Webometrics, ilianzishwa na watafiti wa Hispania mwaka 2004, nusu nzima ya alama zake ilikuwa inatokana na namna websaiti ya chuo inavyoonekana na kuunganishwa na websaiti zingine. Waliianzisha ili vyuo visukumwe kuweka kazi zao mtandaoni watu wasome bure, na kwa hilo wamesaidia, tena sana. Ila mzazi wa Masasi akisoma "chuo cha tatu Tanzania" anaelewa walimu wake ni wa tatu kwa kufundisha. Hakuna aliyemwambia nusu ya kilichopimwa ni websaiti.

Sisi ni watu wa korosho, kupimwa tunakujua. Mkulima wa Tandahimba akipeleka mzigo wake AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, unapangiwa daraja, la kwanza au la pili, ndo uende ghalani ukasubiri mnada. Na mnunuzi anayejua kazi yake haangalii gunia limeshonwaje. Sampuli inachotwa, unyevu unapimwa, korosho zinakatwa mojamoja wanaangalia ndani, hii imeoza, hii imesinyaa, hii ina doa, halafu kiini kizima kinawekwa kwenye mizani wajue gunia la kilo 80 litatoa ratili ngapi za kiini. Hapo ndo bei inapoanzia. Na sijawahi kusikia mtu kachukua korosho ya Newala, tumbaku ya Tabora na kahawa ya Kagera akazipanga foleni moja kuanzia namba moja hadi mia, maana kila zao lina kazi yake na kipimo chake. Vyuo tunavipanga hivyo kila mwaka na hatuoni shida. Chuo cha udaktari, chuo cha kilimo, chuo cha ualimu, vyote foleni moja.

Tena kuna ubaya mwingine unaokuja polepole. Mchumi mmoja Mwingereza, Charles Goodhart, mwaka 1975 aliandika jambo kuhusu sera za fedha ambalo baadae watu wakalifupisha hivi, kipimo ukishakifanya kuwa lengo kinaacha kuwa kipimo kizuri. Wanunuzi wa ufuta Lindi wanalijua hili bila kusoma uchumi, ukinunua kwa uzito peke yake bila kuchekecha, hutakosa wa kukuchanganyia mchanga. Sasa huko juu kwenye listi mchanga nao upo. Chuo cha Columbia cha New York mwaka 2022 kilikuwa namba 2 Marekani kwenye listi ya U.S. News, profesa wao wenyewe wa hisabati, Michael Thaddeus, akakaa akapiga hesabu za takwimu ambazo chuo chake kilipeleka. Walikuwa wamesema asilimia 82.5 ya madarasa ya digrii ya kwanza yana wanafunzi chini ya 20, yeye akahesabu kutoka kwenye ratiba yao akapata kati ya 62.7 na 66.9. Chuo kikakiri makosa, na listi iliyofuata kikawa namba 18. Jiulize, walimu walibadilika? Maktaba ilihama? Mwanafunzi aliyekuwa anasoma pale mwezi wa tatu na mwezi wa tisa alikaa kwenye kiti kilekile. Kwa upande wetu wa Afrika, mwaka 2010 Chuo cha Alexandria cha Misri kiliibuka cha 147 duniani kwenye listi ya Times Higher Education, na kwenye kipengele cha makala kunukuliwa kikawa cha 4 duniani kote, na ilipochunguzwa ikaonekana mtafiti mmoja alikuwa amechapisha makala nyingi sana kwenye jarida alilokuwa analihariri yeye mwenyewe na kujinukuu humohumo. Mtu mmoja kabeba chuo kizima juu namna hiyo.

Ndo maana wenye uwezo wa kukataa wameanza kukataa. Rhodes ya Afrika Kusini walishasema zamani hawapeleki takwimu zao, Utrecht ya Uholanzi wakajitoa kwa Times 2023, Zurich wakafuata 2024. Wao wana jina tayari, hawana cha kupoteza. Chuo kidogo cha nchi yetu hakina ubavu huo, kinalazimika kukimbiza namba, na mbio zenyewe zinakula vitu vya thamani. Mhadhiri akikaa miezi sita na wakulima wa Nanyamba akaandika kijitabu cha Kiswahili kizuri kuhusu kutunza mikorosho, kijitabu hicho Scopus hawakioni. Akiandika makala ya kurasa nane kwa Kiingereza ambayo mkulima hataisoma wala hatasimuliwa, hiyo inahesabika. Sasa na yeye ana familia, anataka kupanda cheo, utamlaumu akiichagua hiyo ya pili?

Na hapa lazima niiongelee Naliendele, kituo chetu cha utafiti wa kilimo, maana iko kilomita chache tu toka mjini na wengi wetu tunaipita kwenye gari bila kugeuza shingo. Tanzania ilifikisha tani kama 145,000 za korosho msimu wa 1973/74, halafu zikaporomoka mpaka katikati ya miaka ya 80 tukawa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, bei mbaya, watu kuhamishiwa vijijini na kuacha mikorosho yao mbali, na ubwiriunga ule ugonjwa unaotia maua unga mweupe yakakauka. Waliohangaika na ubwiriunga, na salfa ipulizwe lini na vipi, na mbegu zipi zinazaa vizuri kwenye mchanga wetu huu, ni watafiti wa Naliendele. Uzalishaji ukapanda miaka ikaenda, msimu wa 2017/18 ukavuka tani 300,000. Sisemi ni wao peke yao, bei na stakabadhi ghalani vilichangia na mkulima mwenyewe ndo aliyebeba bomba la salfa mgongoni. Ila niambie ni listi gani ya vyuo duniani ina safu ya kuandika "walirudisha zao la mikoa miwili". Najua Naliendele ni kituo cha utafiti, hakitoi digrii, lakini ndo mfano wa elimu inayofika shambani ninaoujua kwa macho yangu, watoto wa darasa letu wamesomeshwa na fedha za mikorosho ile.

Wa mashuleni tayari walishalifikiria hili. Januari 2023 NECTA, baraza la mitihani, waliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa, sababu yao ikiwa kwamba haina tija na shule hazifanani mazingira. Baadhi ya watu walilalamika sana, wakasema tunaua ushindani. Mi nililipokea kwa furaha, na anayetoka Kusini atanielewa. Tumekua tukisikia mikoa yetu ikitajwa mkiani, mtoto wa shule ya kata Tandahimba ambaye msimu wa korosho anakosa darasani yuko shambani, maabara hana, mwalimu wa fizikia mmoja kwa shule nzima, anapangwa foleni moja na mtoto wa bweni mwenye umeme na vitabu na walimu watatu kwa somo moja, halafu tunasema hii ni bora ile ni mbovu. Shule iliyomtoa mtoto divisheni ziro ikampeleka divisheni three imefanya kazi kubwa kuliko iliyopokea waliochujwa wa divisheni one ikawarudisha divisheni one. Kwa vyuo ni hivyohivyo. Chuo cha Mtwara kinampokea binti wa kwanza kwenye ukoo wao kumaliza form six, kinamtoa mwalimu wa hisabati anayerudi kufundisha Nanyumbu. Umbali aliotembea huyo binti ndo kipimo ninachokitaka mimi, nionyeshwe alipoanzia na alipofika.

Ila nisieleweke vibaya, kuna wenye vyuo wangependa sana mimi niishie hapo. Waseme listi ni za mabeberu, hazituhusu, waendelee kukusanya ada. Hapana. Vyuo lazima vipimwe, na wasiopenda kupimwa ndo wa kuangaliwa kwanza. Mwaka 2017 TCU, tume ya serikali inayosimamia vyuo vikuu, ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya na ikasimamisha kozi 75 kwenye vyuo vingine, watu waliumia, lakini ule ulikuwa ukaguzi, unamkuta mwalimu yupo au hayupo, maabara ipo au ni chumba kitupu. Huko ndo kukata korosho. Na listi za dunia nazo zina mahali pake, kijana anayetafuta pa kufanya PhD ya biolojia azitazame, serikali nayo izitazame ione utafiti wetu ni mdogo kiasi gani, huo ni ukweli unaouma na tusiukimbie. Ninachopinga ni kuichukua mizani ya PhD kumpimia mtoto wa digrii ya kwanza wa Nachingwea.

Kwa hiyo sisi tunataka nini? Tunataka TCU na vyuo waweke hadharani, kozi kwa kozi, mambo ambayo nina hakika vyuo vinayo kwenye mafaili. Kozi hii iliingiza wangapi mwaka ule na wangapi walimaliza kwa wakati, wangapi walidisko, yaani waliondolewa chuoni kwa kufeli. Wahadhiri wa kudumu wangapi na wa kukodi wangapi, maana mhadhiri wa kukodi anafundisha vyuo vitatu, akiondoka darasani humpati tena. Fildi mnawapeleka wapi na nani anawasimamia. Mwaka mmoja baada ya kuhitimu wako wapi, na hapa wasitupe picha za watatu waliofanikiwa, watupe hesabu ya wote pamoja na waliorudi nyumbani kuendesha bodaboda. Hayo yakiwekwa wazi kwa kila kozi, hatuhitaji tena mtu wa London kutupangia foleni, kila mzazi atapanga mwenyewe kwa shida yake. Ulaya waliwahi kutengeneza kitu cha aina hiyo mwaka 2014, kilikuwa kinaitwa U-Multirank, hakikuwa na namba moja wala namba mia, ulikuwa unachagua wewe unachojali unalinganishiwa. Najua kukusanya takwimu za namna hii ni kazi na inataka pesa. Lakini kama chuo kina pesa ya kuchapisha bango la "sisi namba fulani" na kulitundika barabara kuu, pesa ya kuwapigia simu wahitimu wake inapatikana.

Ninayaandika haya kwa haraka ya kifamilia pia. Mdogo wake yule mpwa wangu kamaliza form six mwaka huu, kasoma CBG, yaani kemia, biolojia na jiografia, anataka kilimo. Kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hapo Lindi, imo kwenye ule mradi wa HEET wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 unaogusa vyuo vingi nchini, na kampasi ya Lindi imeelekezwa kwenye kilimo. Kijana kaniletea skrinishoti kama kawaida, UDSM iko namba fulani Afrika. Nikamwambia, njomba, hiyo namba ni ya Mlimani, ina maprofesa na makala za miaka na miaka, wewe utakaa Lindi kwenye majengo mapya, tuulize ya Lindi. Tumekaa jana jioni barazani tunakula ming'oko, tukaandika maswali kwenye daftari lake, yamefika tisa. La kwanza kaandika mwenyewe, "walimu wa kudumu wa kozi hii ni wangapi na wanakaa Lindi au wanatoka Dar?" La nne ni kama kuna makubaliano yoyote na Naliendele ya kwenda fildi. Jumatatu tunapanda basi la asubuhi pale Mkanaledi tukawaulize uso kwa uso, na kama kuna mzazi wa Mtwara mwenye mtoto wa CBG au PCB anataka tuongozane, aje na maswali yake.